Mbwa Ndani ya Sanduku la Zulaika

Haki ya Mungu, haya yote ni kweli. Sijatia chumvi hata ya kukolezea mboga. Miaka ile ya sabini nilikuwa opereta wa simu hapa Busia, na kila neno lililokwenda Malaba kwa waya lilipita kwanza sikioni mwangu. Yale ambayo hayakupita kwenye waya niliyaona kwa macho haya, au niliambiwa na watu wasiojua kudanganya.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko. Malori yamepanga foleni kuelekea mpakani, wabadilisha pesa wanaita wateja, vumbi na moshi wa dizeli vinagombania pua za watu. Zulaika, binti wa Kassim mwenye duka la nguo, alikuwa amekaa kwenye karia ya baiskeli ya boda boda, buibui jipya, viatu vyekundu vya kisigino, jora la kitambaa cheupe mapajani. Lori likapiga honi nyuma yao. Mwenye baiskeli akashtuka, wakaenda chini wote, na jora likajifungua lenyewe mpaka kwenye mtaro.

Zulaika hakulia. Alivua kiatu kimoja akagonga mlango wa lori kwa kisigino.

"Shuka."

Dereva, Salim, akachungulia dirishani. Kijana wa nywele timutimu, shati la maua, suruali pana miguuni ya kufagia barabara.

"Pole, dada. Honi ilikuwa ya ng'ombe, si yako."

"Ng'ombe yuko wapi?"

Salim akaangalia huku na huku. "Ameshavuka Uganda."

"Basi shuka uoshe kitambaa cha baba kabla wewe hujavuka."

Alishuka. Alikiosha. Kesho yake akarudi dukani kuuliza kama kimekauka, na kesho kutwa akauliza kama kimenyooka. Kufikia Ramadhani watu wote wa mtaa walijua kwamba kitambaa kile hakitakauka mpaka wawili hawa waoane.

Posa ikapokewa. Ikabaki kazi ya sanduku. Kwa Waislamu wa hapa kwetu, bwana harusi humpelekea mwenzake sanduku la nguo: leso, mabuibui, viatu, marashi. Wanawake wa upande wa mke hulifungua mbele ya macho ya wote, na kutoka humo wanajua binti yao anakwenda kwa mtu wa namna gani. Salim alimwagiza fundi Wandera amtengenezee la mvule, lenye vishikio vya shaba. Likakaa chumbani kwake Malaba, tupu, likinukia maranda, likingoja leso.

Hapo ndipo mbwa alipoingia.

Wezi wa Malaba walikuwa wanapasua turubai na kunyonya dizeli madereva wakila chakula cha mchana. Dereva mwenzake Salim, Olinga, aliyewahi kufanya kazi kwa mfuga mbwa mmoja kule Kitale, akamletea mtoto wa mbwa wa rangi ya chai ya maziwa.

"Huyu akikua hakuna mkono utagusa lori lako," Olinga akasema. "Lakini atakaa na wewe ndani ya kebini, kwa hivyo mfundishe haja mapema. Mbwa ana haya, Salim. Hachafui pale anapolala. Mtafutie kisanduku kidogo, cha kugeuka na kujilaza tu. Akila, mtoe nje. Akiamka, mtoe nje. Akifanya huko nje, msifu kama umeona mvua. Akikosea ndani, usimpige. Ukimpiga utamfundisha kujificha tu."

Salim akamwita Kibali. Akamweka kwanza kwenye kreti kubwa la nyanya. Kibali akakojoa kona hii, akalala kona ile, roho safi. Akajaribu debe, mbwa akalia mpaka wapangaji wakagonga ukuta. Salim akatazama chumbani. Kitu pekee chenye kipimo kamili kilikuwa kile cha mvule.

"Wiki mbili tu," alijiambia. "Halafu nitaliosha."

Kosa hilo, msomaji, mtu wa mbwa hangelijua, na mtu wa leso hangelifanya. Ilihitajika mtu mmoja awe yote mawili.

Na kusema haki, Kibali alifundishika. Kifuniko wazi, gunia chini, mbwa ndani. Siku za mwanzo alilia. Baadaye akawa anaingia mwenyewe, anazunguka, anajilaza. Akitaka haja anakwaruza ubao, Salim anambeba mbio hadi kwenye nyasi, halafu unamsikia mwanamume mzima akiimba sifa za mkojo.

Siku ya kupeleka sanduku, Salim alilisugua kwa sabuni ya kipande mara moja, akalianika, akajaza kafuri na karafuu. Akapanga nguo. Akapakia kwenye lori. Kibali naye akarukia kebini, maana alishakuwa mlinzi.

Nyumbani kwa Kassim, wanawake wamejaa uani. Bi Nusura, shangazi yake Zulaika, ndiye aliyefungua. Vigelegele. Leso ya kwanza ikainuliwa, ya pili, buibui la hariri. Zulaika amesimama mlangoni, hina mbichi mikononi, anacheka kwa macho.

Kibali akapita katikati ya miguu ya wanawake. Akanusa ubao. Akaruka ndani, juu ya nguo, akazunguka, akajikunja, akapumua kama mzee aliyefika nyumbani. Akafumba macho.

Vigelegele vikakatika.

"Salim, mwanangu," Bi Nusura akasema polepole, "mbwa huyu analijua sanduku hili?"

Salim akawatazama wanawake. Akamtazama Zulaika.

"Hapana, shangazi. Leo ndiyo mara ya kwanza analiona."

Bi Nusura akainua buibui jeusi hadi kwenye jua. Unyoya wa rangi ya chai ya maziwa ulikuwa umeshikilia pindo la ndani, ambako mbwa hakuwa amefika. Akapitisha kidole chini ya kifuniko, akahesabu alama za meno. Zulaika ndiye aliyesema.

"Toa mbwa wako. Na lori lako. Sanduku liache hapo."

Kassim akatangaza jioni hiyo: ndoa iliyopangwa Ijumaa haipo.

Asubuhi simu yangu ikalia. Malaba. Salim anataka duka la Kassim. Nikaunganisha, na sikuondoka kwenye laini. Ilikuwa kazi yangu kuhakikisha sauti inafika.

"Zule, roho yangu."

"Roho yako iko wapi? Kwenye sanduku gani?"

"Nisikilize. Ni mbwa tu. Nitanunua nguo zingine."

"Unafikiri nalia nguo? Salim, mimi ningefungua sanduku lile chumbani kwako. Ningetoa leso, nijitande, nisimame niswali. Na mate ya mbwa mwilini. Na wewe ungekuwa kitandani unaniangalia, unanyamaza."

Nikasikia lori likipita upande wa Malaba.

"Ungenyamaza au ungeniambia?"

"Ningekuambia."

"Lini?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kutafuna.

"Sina hasira na mbwa," Zulaika akasema. "Katika nyinyi wawili, mbwa ndiye aliyesema ukweli. Aliulizwa analijua sanduku, akalala. Wewe ulikuwa na mdomo."

"Dakika tatu zimeisha," nikawaambia, kwa huruma.

"Wewe nawe toka kwenye laini," wakasema wote wawili. Ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu sanduku lifunguliwe.

Alhamisi, watu wametoka kuswali adhuhuri na duka limejaa, Salim akaingia. Hakuvaa shati la maua. Alisimama mbele ya meza ya Kassim, wateja wote wakimsikia.

"Mzee, mbwa alilala ndani ya sanduku wiki mbili. Mimi ndiye niliyemlaza. Shangazi aliponiuliza, nilimdanganya. Na nilikuwa ninyamaze mpaka nife."

Kassim akaendelea kupima kitambaa. "Aliyekukosea si mimi."

"Aliyekosewa," mteja mmoja akasahihisha.

"Wewe nunua au toka," Kassim akamwambia.

Kwenye pazia la nyuma, Bi Nusura akatokea na karai, ndoo ya maji, na bakuli la udongo safi.

"Kila nguo mara saba," akasema. "Moja kwa udongo. Hapa mbele barabarani, si uani. Sanduku nalo vivyo hivyo."

Salim akachuchumaa. Madereva wakapita wakipiga honi. Mmoja akauliza kama anafua na za wanaume. Boda boda zikasimama. Alifua leso, alifua mabuibui, jua likamchoma shingo, vidole vikakunjamana kama vya mkunga. Zulaika alisimama kizingitini, mikono kifuani, uso kama mlango uliofungwa kwa komeo.

"Hiyo umeosha mara tano."

"Sita."

"Tano. Unataka kuanza tena kudanganya?"

Akaosha ya sita, na ya saba. Akaanza kukamua ile hariri. Zulaika akavumilia, akavumilia, halafu akavua viatu, akashuka.

"Usiguse," Salim akasema. "Adhabu ni yangu."

"Unakamua kama unanyonga kuku. Utaichana. Shika upande huo."

Wakakamua wawili, yeye akizungusha kulia, mwenzake kushoto, maji yakimwagika miguuni mwao.

"Bado nina hasira," Zulaika akasema.

"Najua."

"Kesho nitaolewa nikiwa na hasira. Zitakaa. Utaishi nazo."

"Zinakula sana?"

Zulaika akauma mdomo ili asicheke. "Mbwa atalala kwenye lori. Hilo sanduku mpe, ni lake. Mimi nitakuja na la mama yangu. Na ukiulizwa swali, Salim, unajibu."

"Ndiyo."

"Unanipenda?"

"Ndiyo."

"Mbona hukufikiria kwanza?"

Ijumaa wakafunga ndoa. Na Kibali, aliyefundishwa adabu kuliko mtoto wa mwalimu, siku ya harusi alipobanwa na haja aliona aibu kuchafua mji wenye sherehe. Akatembea hadi mpakani, akavuka upande wa Uganda, askari wakampisha, akamaliza shughuli yake, akarudi kabla ya biriani kupakuliwa.

Hapa ndipo nilipofika nikiwasomea hadithi hii wenzangu wa benchi kwenye mkahawa, juzi, nao wanajipiga mapajani kwa kicheko, nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu.

"Methuselah. Askari gani wakampisha?"

Nikageuka. Mama mzima, miwani, leso ya manjano.

"Kibali siku hiyo alikojoa ndani ya kiatu cha baba," akawaambia benchi. "Ndiyo maana kwenye picha ya harusi yangu baba amevaa suti na ndara. Picha iko ukutani, nani anataka kuiona?"

Wote walitaka. Benchi letu lina sheria: ukishikwa na uongo hadharani, unanywesha walioketi wote. Nikaita kahawa na kaimati, nikaingiza mkono mfukoni bila ubishi.

Bi Zulaika akavuta kiti.

"Na moja ya Salim," akasema. "Anaegesha gari. Nimemwambia aegeshe kivulini, ameegesha juani. Usimtilie sukari."