Kemi na Tundu la Boti

Nyumbani kwa akina Kemi, kule Bukoba, kulikuwa na boti.

Si boti ya kuvua samaki. Si boti ya kubeba ndizi. Ilikuwa boti ndogo ya kutembelea tu, nyeupe pe, imekaa juu ya tela kama kuku anayeatamia.

Ma Koku, aliyewauzia boti, aliwapa pia mfuko wa vitu vidogo vidogo. Mlikuwa na funguo. Mlikuwa na kamba. Mlikuwa na kipande cha mpira mweusi, kama uyoga.

"Nikueleze jinsi vinavyotumika?" aliuliza Ma Koku.

"Najua, najua!" alisema Baba.

Baba alichukua funguo na kamba. Mpira mweusi akauacha mezani.

Bibi akauona. Chupa yake ya chai ilikuwa imepoteza kizibo tangu Krismasi. Akaupachika pale. Pyu! Ukakaa sawasawa.

Jumamosi asubuhi, Baba aliosha boti. Shwa, shwa, shwa. Kemi akazunguka nyuma, akaona tundu. Akaingiza kidole. Kidole kikazama chote.

"Baba, tundu hili la nini?"

Baba hakujua. Lakini alikuwa amevaa kofia mpya ya nahodha, na mtu aliyevaa kofia kama ile huona haya kusema hajui.

"Najua, najua," alisema Baba. "Ni la kupumulia. Boti nayo inapumua."

Kemi akaitegea boti sikio. Haikupumua hata kidogo.

Wakaenda ziwani, Baba, Kemi na Bibi. Mbali kule, katikati ya maji, kilionekana kisiwa kidogo cha kijani.

"Tangu nizaliwe nakitazama kile kisiwa," alisema Bibi. "Sijawahi kukikanyaga."

"Leo utakikanyaga, Bibi!" alisema Kemi. Alitaka sana wakae pamoja kwenye boti, yeye na Bibi, bega kwa bega.

Bibi akamtazama Baba. "Mwanangu, hii boti unaijua vizuri?"

"Najua, najua!"

"Hm," alisema Bibi. "Ukisema 'najua' mara mbili, napata wasiwasi. Nendeni. Mimi niko hapa na chai yangu."

Kemi akanyong'onyea. Akavaa jaketi lake la kuelea. Baba akavaa lake. Boti ikashuka majini. Tu-tu-tu-tu, injini ikaunguruma.

Chubwi, chubwi.

"Baba, miguu yangu imelowa."

"Najua, najua. Ni mawimbi."

Kemi akatazama ziwa. Lilikuwa limetulia kama uji ndani ya bakuli.

Chubwi, chubwi, chubwi. Ndala moja ya Kemi ikaanza kuelea.

"Baba," alisema Kemi polepole, "unajua kweli, au unasema tu?"

Baba akainama. Akatazama ndala. Akamtazama Kemi.

Akavua kofia.

"Sijui, Kemi," alisema. "Sijui maji yanatoka wapi."

Ni neno dogo tu, lakini lilimchukua muda kulitoa.

"Basi turudi tukaulize," alisema Kemi.

Tu-tu-tu-tu, wakageuza. Baba akashika usukani. Kemi akashika kofia ya nahodha, akateka nayo maji, akamwaga nje. Chota, mwaga! Chota, mwaga! Kofia ilifanya kazi nzuri sana.

Ufukweni, Baba akavuta boti juu ya tela. Akapiga simu.

"Shikamoo, Ma Koku. Boti inaingiza maji. Sijui kwa nini."

Ma Koku akacheka mpaka simu ikatetemeka. "Marahaba! Umeziba tundu la nyuma? Lile ni la kutolea maji boti ikiwa nchi kavu. Kabla haijaingia ziwani, unaliziba na ule mpira mweusi, kama uyoga!"

Kemi akamtazama Bibi. Bibi akaitazama chupa yake ya chai.

"Ala!" alisema Bibi.

Pyu! Mpira ukatoka kwenye chupa.

Wakasubiri maji yote yatoke kwenye boti. Kisha Kemi akapachika mpira mwenyewe, kwa vidole vyake. Baba akakagua. Kemi akakagua tena.

Chai wakainywa yote palepale, maana sasa haikuwa na kizibo.

Bibi akasimama, akakung'uta kanga. "Haya, nipeni jaketi."

"Huogopi tena, Mama?" aliuliza Baba.

"Naogopa kidogo. Ila sasa nina nahodha anayeuliza."

Tu-tu-tu-tu, wakaenda. Kemi na Bibi, bega kwa bega, na miguu yao ikabaki mikavu. Bibi akakanyaga kisiwa. Akaokota jiwe moja dogo, akalitia kwenye pindo la kanga.

Usiku, Baba alimfunika Kemi shuka.

"Baba, samaki wakilala, wanafumba macho?"

Baba akafungua mdomo. "Naju..."

Akaufunga. Akatabasamu.

"Sijui, Kemi. Kesho tutauliza."

Kemi akafumba macho. Nje, kwenye kamba ya nguo, kofia ya nahodha ilikuwa bado inadondosha maji.

Ti. Ti. Ti.