Matuta Mia Tatu ya Baba Mkwe

Neindow hakutoka jasho. Hilo ndilo mkewe, Azaratu, aliloliona kwanza. Kila mwaka mkwe huenda na rafiki zake kumwinulia baba wa mke matuta ya viazi vikuu, ngoma zikipigwa, na anayechoka mapema huchekwa hadi mavuno. Mwaka jana alichekwa Neindow. Safari hii, kabla ya adhuhuri, alikwishainua matuta mia tatu, na shati lake kavu.

"Mwoneni bwana!" rafiki zake walimtania. "Mko wangapi humo ndani?"

"Wawili," alijibu, na sauti haikuwa yake.

Jembe lilikuwa limemkata kisigino hadi mfupa, wala hakujua. Mfukoni mwake Azaratu alikuta vidonge vyekundu vilivyoandikwa tapentado, dawa ya maumivu wanayoiuza wachuuzi wa pikipiki. Mjinga yule alidhani amenunua nguvu, kumbe amekaribisha mgeni.

Siku ya tatu kidonda kilinuka, naye alikaa akikichokoa kwa kijiti huku akitabasamu. Alipolala mchana, pumzi yake ilikatika. Azaratu akahesabu hadi ishirini, ndipo pumzi ile ikavutwa na mtu mwingine, chini ya kitanda.

Afa Yidana, mwalimu wa Kurani, aliandika kombe, aya zikaoshwa kwa maji, akamnywesha. Chini ya kitanda kitu kikaburura miguu hadi nje. Hapo maumivu yote yakarudi kwa pamoja, Neindow akapiga yowe.

"Mwache alie, ndio uzima," Afa alinong'ona. "Kesho mpelekeni hospitali. Lakini vidonge usimpe tena, binti yangu. Jini lile halijaenda mbali."

Neindow alilia tangu alasiri, "Azara, nihurumie, kimoja tu," na Azaratu, aliyekuwa amevificha vidonge kwenye unga badala ya kuvichoma, na aliyempenda, Mungu amsamehe, akabandika uji, akauchota bakulini, akakoroga kimoja, akaonja sukari kama mpishi yeyote, akamnywesha, naye akanyamaza, pumzi ikakatika, akahesabu hadi ishirini, hadi mia, na chini ya kitanda hakuna aliyepumua.

Uji uliobaki ulikuwa ukifurika. Akaenda kuipua sufuria.

"Azaratu! Mikono yako!" alipiga kelele mama yake Neindow akiingia uani.

Alikuwa ameishika sufuria bila kitambaa. Harufu ya nyama ilijaa ua mzima. Azaratu akaitazama mikono yake, akasubiri iume.