Pampu ya Mjomba Bura Inataka Kunyweshwa

Aliyesimama akae. Aliyekaa ajibane. Paskalina anataka kupita na vitunguu vyake.

Paskalina alikuwa na jaruba moja la vitunguu. Lilikuwa lake mwenyewe, kule mwisho kabisa wa shamba. Siku hiyo jua lilikuwa kali, na miche ilikuwa imelala chini kama imechapwa.

Mama alikuwa mtoni, akikanyaga pampu ya miguu. Mguu huu chini, mguu huu juu.

Kwichi-kwacha, kwichi-kwacha.
Polepole, maji yaja.

"Mama, yatafika kwangu leo?"

"Shamba refu, mwanangu. Na miguu ninayo miwili tu."

"Kesho vitakuwa vimekufa," alisema Paskalina.

Ndipo akatokea Mjomba Bura, kaka yake Mama. Amevaa miwani ya jua, taulo begani. Amebeba pampu ya petroli, nyekundu kama pilipili.

"Dada, shuka hapo," alisema. "Hicho kidude ni cha wazee. Hii yangu inazunguka. Itamwaga maji mpaka vyura wahame."

Akatumbukiza mpira wa kuvutia maji mtoni. Akavuta kamba.

Vuuuuu! Vuuuuu!
Kelele tele, maji hakuna.

"Bura," alisema Mama, "fundi wa dukani alikuambiaje?"

"Eti niijaze maji kwanza. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nimenunua pampu inipe maji, halafu mimi ndiye niipe? Ukiajiri mpishi, unampikia wewe?"

Akavuta kamba tena.

Vuuuuu! Vuuuuu!
Kelele tele, maji hakuna.

Mjomba akaipiga kofi. Akaibembeleza. Mwisho akachuchumaa, wakafanya kikao, yeye na pampu. Pampu haikuchangia hoja.

Paskalina hakungoja kikao kiishe. Alichovya kanga mtoni, aifunike miche yake. Kanga ikalowa chepechepe. Akaizungusha hewani ipungue maji.

Pwa pwa pwa! Matone yakaruka. Yote yakatua usoni kwa Mjomba.

"We mtoto!"

"Samahani, Mjomba. Niazime taulo lako."

Paskalina akalizungusha taulo kavu. Akazunguka, akazunguka. Halikuruka hata tone moja.

"Mjomba, ndani ya pampu yako kuna nini?"

"Gurudumu," alisema Mjomba, akitanua kifua. "Linazunguka mbio, linarusha maji nje. Mengine yanapanda kufuata."

"Na sasa hivi linarusha nini?"

Mjomba akavua miwani, akaichungulia pampu.

"Linazungusha hewa," alisema Mama. "Yangu inavuta hata hewa, funda kwa funda, mpaka maji yaje. Yako haiwezi. Yako inataka maji tumboni kwanza."

Mama akapanda pampu yake ya wazee.

Kwichi-kwacha, kwichi-kwacha.
Polepole, maji yaja.

Ndoo ikajaa. Paskalina akaimimina taratibu kwenye mdomo wa pampu nyekundu. Glu, glu, glu. Mpaka ikafurika. Mama akakaza kifuniko.

"Vuta, Mjomba."

Mjomba akavuta.

Vuuuuu! Vuuuuu!
Kelele tele, maji hayoo!

Maji yakakimbia mferejini. Yakapita majaruba ya Mama, moja baada ya jingine. Paskalina akakimbia nayo, miguu peku, mpaka mwisho wa shamba. Yakaingia kwake. Vitunguu vikanywa, udongo ukawa mweusi.

Jioni miche ilikuwa imesimama wima. Paskalina akaiaga mmoja mmoja, akala ugali, akajilaza kwenye mkeka.

Mjomba alikuwa bado anaongea.

"Mimi siku zote nimesema, pampu ya kuzunguka lazima uijaze kwanza. Watu hawasikii. Paskalina, si ndivyo nilivyosema?"

Paskalina alikuwa anakoroma kidogo, miguu ina matope.

"Mbona hanijibu?"

"Mtoto amelala, Bura," alisema Mama, akimfunika kanga. "Pampu nayo tumeshaizima. Umebaki wewe."