Maktaba Iliyotoka Muyinga

Umeme ulikatika mtaani Magarama saa nane mchana, na kompyuta ya Kulthumu haikuzimika.

Redio ya kinyozi wa jirani ilinyamaza. Feni ya dari ilizunguka polepole mpaka ikasimama. Mashine ya fotokopi ilikufa ikiwa imemeza nusu ya karatasi. Lakini ile kompyuta ya mezani, kuukuu, isiyo na betri ya aina yoyote, iliendelea kunguruma chini ya meza, na kwenye skrini mistari ya maandishi meupe iliendelea kupanda, mmoja baada ya mwingine.

Kulthumu aliuchomoa waya ukutani. Mistari ikaendelea kupanda. Ilikuwa imefika asilimia sitini na moja.

Alikuwa peke yake katika karakana ya baba Houssein, mwajiri wake, mahali ambapo watu wa mtaa walikuja kupigwa picha za vitambulisho na kuchapishiwa kadi za harusi. Programu ya kusafishia picha ilikuwa imekataa kufunguka tangu wiki iliyopita. Ilidai maktaba mpya ya michoro, lile furushi la maelekezo ambalo programu huliazima kila inapotaka kuchora mstari au kupaka rangi. Maktaba hiyo hutolewa bure na watu wanaoiandika kwa pamoja, kila mmoja akiwa kwao. Lakini kwa mashine ya zamani kama ile hakuna aliyekuwa ameiandaa. Ilibidi Kulthumu achukue maandishi yake ya asili, maelfu ya kurasa, na kuiachia mashine iyageuze yenyewe, faili kwa faili, kuwa kitu inachoweza kukitumia. Kazi ya saa tano au sita.

Kipande kimoja kilikosekana mtandaoni. Aliwapigia simu wote aliosoma nao, na mmoja tu, Crispin wa Muyinga, ambaye zamani alikuwa na studio ya picha, alisema anacho.

"Unaniomba nikupe?" Crispin aliuliza.

"Ego, ndiyo, naomba," Kulthumu alijibu, akishangaa kuulizwa hivyo. Siku ya pili flashi ilifika na dereva wa teksi, imefungwa ndani ya kitambaa kwa mafundo mengi.

Sasa karakana ilianza kunuka chuma cha moto kilichomwagiwa maji, na chini ya harufu hiyo, ubani. Mlio wa kompyuta ulikuwa umebadilika. Ulipanda, ukatulia, ukashuka, ukatulia. Kama kifua cha mtu aliyelala.

Mtu mwingine angekimbia. Kulthumu naye alikwishainuka, ameshika mtandio, na hapo ndipo alipogundua jambo ambalo lilimrudisha kwenye kiti. Kifua chake hakikuuma.

Mumewe Abubakari, fundi mwashi, alikuwa ameanguka kutoka ghorofa ya tatu na kufa miezi minne iliyopita. Tangu siku hiyo Kulthumu hakuwahi kupitisha saa nzima bila kulia. Alilia akichota maji, alilia akimkatia mteja picha, mpaka watu wakazoea. Sasa aliyatafuta maumivu yale mahali pake, kama ulimi unavyotafuta jino lililong'olewa, asiyaone. Alilitaja jina la mumewe kwa sauti. Lilikuwa jina tu.

Akakaa, akaitazama mistari hadi asilimia mia. Ndipo umeme uliporudi.

Kazi ilienda vizuri baada ya hapo. Programu ilifunguka, picha zikatoka safi kuliko zamani. Baba Houssein alizisifu siku mbili, ya tatu akaiinua moja kwenye mwanga wa mlango.

"Kulthumu, hawa watu, macho yao iko namna gani? Hakuna mwangaza ndani."

"Labda ni wino, baba."

"Wino?" Aliigeuza ile picha, akaigeuza tena. "Bon. Labda."

Haukuwa wino. Kulthumu aliona, kila alipobonyeza kuchapisha, nukta ndogo nyeupe katika jicho la mteja ikizimika kwenye skrini, moja, halafu ya pili. Na kabla haijazimika, ule mlio wa chini ya meza ulitamka kitu. Ilimchukua wiki nzima kukitambua. Ulikuwa ukitamka jina la mteja, taratibu, kama mtu anayejifunza kusoma.

Aliliona, akalisikia, hakujali. Siku moja alinusa nyama ikiungua, akadhani ni jirani anachoma mishikaki, kumbe ni kiganja chake mwenyewe kimelala juu ya mashine ya kupiga kadi plastiki. Akakiondoa. Ngozi ilibaki pale. Akafunga mkono kwa kitambaa na kuendelea na kazi.

Wateja walianza kurudi. Gaudensia, muuza dagaa wa ndagala sokoni, alikuja akiwa amekaza macho.

"Dada, siku ile umenipiga picha, jino liliacha kuuma. Mguu nao, ule wenye nilivunjika, kimya. Nipigie na mama yangu."

Akamleta mama yake. Akaja mjane wa Bukirasazi, akaja mzee wa mgongo. Wakapanga foleni mpaka nje, watu watulivu, wasiosemezana, na hakuna aliyelalamika kwa kusubiri juani.

Mwezi ulipokwisha alikuja Theodosia. Alikuwa mkulima wa Makebuko, mwanamke wa makamo aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania na kurudi na wazazi wake. Kulthumu alimkumbuka kwa Kiswahili chake. Alikuwa amemleta mjukuu wake, Anisia, msichana wa miaka saba, kupigwa picha ya kadi ya shule. Safari hii alikuja peke yake, na hakukaa alipopewa kiti.

"Mwanangu, nimekuja kukuuliza jambo, usinione mwendawazimu," alisema kwa sauti ya chini. "Ulimfanya nini mtoto?"

"Amekuwaje?"

"Hasikii njaa. Siku ya tisa leo. Ukimpa chakula anakitazama tu. Ukimlazimisha, kinabaki mdomoni, anasahau kumeza. Juzi nilimkuta amesimama juu ya makaa, mwanangu. Juu ya makaa! Ananiambia, bibi, shikamoo. Anatabasamu." Theodosia alishika ukingo wa meza. "Tuko naye hospitali. Madaktari wanasema hana ugonjwa. Lakini anakwisha. Na wodi ile ile nimekutana na watu wawili wengine wenye picha zako."

Kulthumu aliutazama uso wa yule mama. Alijua kwamba hapa mtu hushtuka. Alingoja, na hakuna kilichokuja.

"Nitaangalia," alisema.

Theodosia alipoondoka, alizifungua faili zilizotoka Muyinga, moja baada ya nyingine. Nyingi zilikuwa maandishi ya kawaida ya kazi ile. Moja haikuwa. Ilikuwa na majina ya watu, mamia. Ya mwanzo hakuyajua. Kisha likafuata lake, Kulthumu, na chini yake Gaudensia, mjane, mzee, Anisia, wote kwa mpangilio waliopigwa picha. Akaifuta faili. Akaing'oa maktaba yote kwenye mashine, akahakikisha hakuna kilichobaki, akafungua tena. Majina yalikuwa pale, na chini kabisa jina jipya lilikuwa likiandikwa herufi kwa herufi, H, O, U, na mlangoni baba Houssein alikuwa amesimama akijipiga picha ya majaribio kwa kamera mpya, ameielekeza usoni mwake, anacheka.

"Baba, weka chini!" alisema. Aliushangaa ukali wa sauti yake, kwani ndani hapakuwa na ukali wowote. Mzee akaishusha kamera, na herufi zikakoma.

Alimpigia Crispin. Simu ilipokelewa mara moja, kama mtu aliyekuwa ameishika akingoja.

"Ulijua," Kulthumu alisema.

"Nilijua."

"Ni nini?"

"Ni jini. Mi sijue jina lake. Inakula maumivu. Iliniingilia kwa studio mwaka ule mama alikufa. Nilishukuru, unasikia? Nilishukuru. Mtoto wa dada yangu alikufa na njaa, sahani iko mbele yake. Na mi nilienda kwa maziko nikarudi nikala. Kulthumu, haitoki kama hakuna mtu ameiomba. Na we uliomba."

"Ungeweza kukataa."

"Ningeweza. Siku gari liliondoka na ile flashi, nilianguka kwa barabara. Yote ilirudi siku moja, mama, mtoto, yote. Sijainuka vizuri mpaka leo." Alilia bila kujificha. "Kuja Muyinga. Iko mama mmoja anaitwa Amisa, anatoa majini. Nilimuogopa juu nilijua ataniambia nini. We kuja."

Kesho yake alfajiri Kulthumu alifunga kompyuta ndani ya kitenge, akaipakata garini njia nzima ya Karusi hadi Muyinga. Haikuwa na waya, haikuwa na skrini, na ilikuwa ya moto mapajani mwake kama mtoto mwenye homa. Abiria wa pembeni alihamia upande wa pili bila kusema kwa nini.

Amisa alikuwa mshonaji, mwanamke wa miaka arobaini hivi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Aliwatoa wateja wake, akafunga nusu ya mlango, akalitazama lile furushi bila kulisogelea.

"Nani aliiomba?"

"Mimi."

"Basi ni we utaikataa. Mi nitasoma dua, lakini kusoma kwangu ni kuishika tu isikimbilie kwa mwingine. Utasema mara tatu kama hauitaki. Ya kwanza ni rahisi. Ya pili ni rahisi. Kabla ya ya tatu, itakurudishia kila kitu ilikula. Hapo ndiyo watu wanashindwa. Wanaiomba ibaki."

"Na nisipofanya?"

"We utaishi. Utakula juu saa imefika, utalala juu giza imefika. Mtoto wa watu atakufa, na wengine nyuma yake."

Kulthumu alifikiri. Hakumhurumia Anisia, alijaribu, ikashindikana. Lakini alikumbuka, kama mtu anavyokumbuka anwani ya nyumba aliyohama, kwamba zamani alikuwa mtu ambaye asingekubali mtoto afe.

"Tufanye," alisema.

Ilikuwa saa sita kasoro, jua kali, watu wakipita barabarani na ndizi zao. Amisa alianza kusoma kwa sauti ya chini. Kompyuta ikanguruma ndani ya kitenge. Harufu ya chuma na maji ikajaa chumba.

"Sikutaki," Kulthumu alisema.

Mlio ukapanda.

"Sikutaki."

Mlio ukakatika, na katika ule ukimya kiganja chake kikawaka moto, moto wa wiki tatu zote kwa pamoja, akapiga kelele, na kabla hajaivuta pumzi ya pili ikaja simu ya msimamizi wa mjengo ikimwambia aje haraka, ikaja sandali moja ya Abubakari chini ya jukwaa na nyingine isionekane, ukaja uzito wa kichwa chake alipokishika na ule ulaini wa nyuma ambao haukupaswa kuwa laini, zikaja asubuhi zote thelathini alizoamka bila kumkumbuka, kila moja ikidai machozi yake, naye akawa sakafuni anagaragara juu ya vipande vya nguo, na ndani ya kitenge sauti ya mumewe, ile ile, ya mtu aliyechoka kutoka kazini, ikamwambia taratibu: Kulthumu, mbona unajiumiza, niache nikunyamazishe, neno moja tu, sema njoo.

Amisa hakuacha kusoma, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kupasuka, na jasho lilimtiririka hadi kwenye futi.

Kulthumu alifungua mdomo. Midomo ilikuwa tayari imelishika lile neno moja. Alilitaka kuliko alivyowahi kutaka maji.

"Abuu," alisema, akilia. "Abuu wangu." Kisha akaugeukia ule mzigo. "We si yeye. Sikutaki."

Kitenge kilibonyea ghafla, kama kilichoondolewa mkono. Mashine ilikuwa baridi. Ile harufu ikatoka mlangoni, na barabarani mbwa mmoja alibweka, akanyamaza.

Amisa alikaa chini karibu naye. Hakumwambia anyamaze. Alimwekea mafuta kiganjani na kumwachia alie.

Simu iliita. Amisa aliishika, akamwekea sikioni.

"Mwanangu!" Ilikuwa sauti ya Theodosia, na nyuma yake wodi nzima ilikuwa kelele tupu. "Analia! Anisia analia, tangu sasa hivi tu! Anasema mguu unamuuma, anasema njaa, amemnyang'anya mgonjwa wa jirani uji! Msikilize!"

Simu ilisogezwa. Kilio cha mtoto kilikuja chembamba, kikali, kisicho na mwisho.

"Haya, nakuacha," Theodosia alisema. "Nakwenda kumpa—"

"Usikate," Kulthumu alisema. "Tafadhali, mama. Usikate kwanza."

Na Theodosia, ambaye hakujua lolote la Muyinga, aliiweka simu juu ya mto, wakalia wote wawili, mtoto kule na mjane huku, mpaka salio likaisha.