Mwenzangu Anakuja Nyuma

Mvua ilikuwa imenyesha Lubumbashi tangu adhuhuri, na magari yote yaliyopangana mbele ya stesheni yalikuwa yakichuruzika maji, isipokuwa moja. Hilo lilikuwa kavu, tena lina vumbi. Mwamvita aliliona, akalishangaa kidogo, kisha akaachana nalo. Siku sita ndani ya treni kutoka Kalemie zilikuwa zimemmaliza, hakuwa na nguvu ya kushangaa vizuri. Alikuwa amelala ameketi, goti lake bovu limebanwa na gunia la samaki la mtu mwingine, na mwenye gunia alikuwa akikoroma bila aibu usiku na mchana.

Mwamvita alikuwa mtu wa Ujiji, ng'ambo ya ziwa, mwanamke mwenye maneno, asiyeweza kukaa saa nzima bila kumtania mtu. Safari hii ilikuwa ya jambo moja tu. Binti yake Tausi, aliyeolewa huku, alikuwa karibu kujifungua baada ya mimba mbili kuharibika, na mtoto wa kiume alizaliwa Mwamvita akiwa tayari ndani ya treni. Mkwe wake, Jephté, alikuwa kazini mgodini Kolwezi. Kichanga cha siku nne kilikuwa nyumbani na mama yake peke yao, na Mwamvita alikuwa ameapa kwamba hakuna mkono mwingine utakaokiogesha na kukipa jina siku ya saba ila wake.

Tausi alikuwa amemwelekeza vizuri kwa simu.

"Mama, ukishuka watakurukia. Anayekufuata, usimfuate. Tafuta mzee mwenye mwavuli wa bluu na daftari, ndiye mkubwa wa teksi pale. Teksi za halali zina namba mlangoni. Ukae na wenzako, wanne nyuma, ndivyo wanavyopanda huku. Na usilipie nafasi tupu."

"Kwa nini nisilipie, kama hela ni yangu?"

"Sijui, Mama. Watu wa huku ndivyo wanavyosema."

Kweli walimrukia. Alipotoka tu kwenye lango, mikono mitano ilishika kikapu chake kwa pamoja. "Maman, njo! Taxi iko hapa!" "Maman, huyu ni mwizi, kuya kwangu!" Kijana mmoja aliyevaa shati la mabega yenye vifungo, ambalo huenda lilikuwa sare na huenda halikuwa, alitaka kuona pasipoti yake kando, nyuma ya ukuta. Mwamvita akamwambia pasipoti iko kwa mume wake, askari, anakuja sasa hivi. Hakuwa na mume wala askari. Kijana akapotea. Mwamvita akacheka peke yake, akajiona mjanja, akasonga mbele kikapu kikiwa kichwani.

Mwavuli wa bluu aliuona, ng'ambo ya dimbwi kubwa. Chini yake palikuwa na mzee na daftari, na kando yake teksi yenye namba nyeupe mlangoni. Nyuma walikuwa wameshakaa wanawake watatu, wanene wote, wakimsubiri wa nne. Mwamvita alizitazama zile nyonga, akalifikiria goti lake, na goti likakataa katakata. Lile gari kavu lilikuwa karibu zaidi. Lilikuwa tupu.

Dereva alikuwa ametazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Unafika mtaa wa Kenya?"

"Kenya."

"Mimi nalipia nafasi mbili, ninyooshe mguu."

Dereva hakugeuka. "Fasi ya pili ni ya nani?"

Swali hilo lilikuwa limejileta lenyewe, na Mwamvita hakuwahi kuacha swali la namna hiyo lipite. "Ya mwenzangu," akasema, akicheka. "Anakuja nyuma."

"Munaenda kwa nani?"

"Kwa binti yangu Tausi, nyuma ya soko, geti la kijani. Tunakwenda kumwogesha mjukuu."

Akalipa, akaingia, akaweka kikapu sakafuni. Dereva hakuondoa gari. Alikaa vile vile, kama anayesubiri mtu. Mwamvita alikuwa amefungua mdomo amuulize wanangoja nini, ndipo kiti cha pembeni yake kilipobonyea taratibu, springi zikalia, na gari likaondoka.

Kwanza alijiambia ni kiti kibovu. Halafu ikaja harufu, ya chuma cha breki kilichopata moto na ya nguo zilizolowa zikakaukia mwilini, harufu ile ile aliyodhani ameiacha kwenye behewa. Akajiambia ni yeye mwenyewe anayenuka, siku sita si mchezo. Akanyoosha mguu wake mbovu kwenye ile nafasi aliyoilipia, na mguu ukakuta mguu.

Aliurudisha haraka. Nje watu walikuwa wakipita na miavuli, pikipiki zikiruka madimbwi, mchana ukiwa bado haujaisha, na yeye alikuwa amekaa ndani ya gari kavu akitazama mbele, hathubutu kugeuza shingo, akisikia karibu na bega lake mtu akivuta pumzi pale anapovuta yeye na kuitoa pale anapoitoa yeye, kisha ile pumzi ikaanza kuguna wimbo kwa ndani, wimbo usio na maneno aliokuwa akimgunia Tausi wakati wa kumwogesha miaka ishirini na mitano iliyopita, ambao hakuwahi kumfundisha mtu, na sauti iliyoguna ilikuwa yake.

"Nishushe," alinong'ona. "Baba, nishushe hapa."

Dereva akasimamisha gari. Mwamvita alitoka akijikwaa, kikapu kimebaki ndani, na alipopata ujasiri wa kutazama gari lilikuwa limeshaondoka kuelekea Kenya. Kupitia kioo cha nyuma aliona kichwa cha mwanamke, kimefungwa kanga kwa fundo la pembeni, kama anavyofunga yeye.

Teksi aliyoisimamisha safari hii aliikagua. Namba ilikuwapo mlangoni, nayo ilikuwa imelowa vizuri. Dereva, Floribert, mtu mzima, mtoto na mjukuu wa wafanyakazi wa reli, alikuwa akishusha abiria wake wa mwisho. Mwamvita alikaa mbele, akamweleza yote. Floribert alimsikiliza mpaka alipofika kwenye nafasi ya pili.

"Mama, ulilipa fasi ya bule, haina muntu?"

"Nililipa."

"Na ulisema ni ya muntu?"

"Nilitania tu, baba."

Floribert alizima redio. "Siye bachauffeur ba gare, madereva ba stesheni, muntu akilipa fasi mbili, tunatiaka muzigo yake pale na tunasema kwa nguvu: hii ni ya muzigo. Kuko bantu balishukaka mu ile treni zamani, wakati ya batata yetu, babu zetu, na hakuna muntu alikuya kubapokea. Balifwa pale-pale, ku gare. Beko banangojea tu muntu mumoja abaite. Weye ulimuita. Tena ulimuonyesha nyumba."

"Lakini nimeshuka. Sikufika naye."

"Ile njo mubaya, Mama. Fasi yake ulilipa mpaka ku mulango. Sasa iko inaenda yeye peke."

Mwamvita alitoa simu. Aliikosea namba, akaipiga upya. Tausi alipokea akicheka.

"We Mama na utani wako. Unanipigia ya nini na uko hapo uani?"

"Tausi. Mtoto yuko wapi?"

"Si unaye wewe?" Sauti ya Tausi ikasita kidogo. "Unamwogesha. Nakusikia."

Nyuma ya maneno hayo Mwamvita alisikia maji yakimwagwa polepole, na ule wimbo. Simu ikakatika, na alipopiga tena haikuita.

Hakukumbuka baadaye jinsi walivyofika. Alikumbuka madimbwi, na Floribert akisali Salamu Maria chini kwa chini, na yeye akisoma Ayatul Kursiyyu akiikosea, akianza upya, akiikosea tena, mwanamke aliyeisoma kila usiku tangu utotoni. Geti la kijani lilikuwa limerudishwa tu. Lile gari kavu halikuwapo. Ndani, uani, mtu alikuwa akiongea na mtoto kwa Kiswahili cha Ujiji, akimtania, akimwita mume wangu, mume wangu mdogo, maneno ambayo Mwamvita alikuwa ameyapanga moyoni ndani ya treni. Mtoto aliguna. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumsikia mjukuu wake.

Aliweka mkono kwenye geti. Floribert akaushika.

"Mama, ngoja. Ukiingia, mumefika bote, safari yake imeisha. Itaikala hapa siku zote, na ile mutoto iko yake."

"Nifanye nini? Nikae nje nimwachie?"

"Uliiita mwenzako. Haiwezi toka bila mwenzake. Weye usivuke mulango. Uiite, itakufwata."

"Kisha?"

Floribert alitazama chini. "Kiisha nitabapeleka gare. Treni ya kurudia inatoka leo. Utalipa fasi mbili, na utapanda nayo."

"Na nitarudi lini kumwona mjukuu wangu?"

Floribert alikwenda kufungua mlango wa nyuma wa teksi, na Mwamvita alielewa. Popote atakapofika sasa atafika na mwenzake. Alitamani kulia, lakini hasira ilitangulia. Siku sita, goti hili, mimba mbili zilizoharibika ndipo akaja huyu mjukuu, na kati yao palikuwa na bati la geti tu. Angeweza kulisukuma kwa kidole. Angemwona uso, mara moja. Ndani maji yalimwagwa tena, na mtoto safari hii alilia, kilio chembamba cha baridi, na ile sauti ya Mwamvita mwenyewe ikamwambia anyamaze, sasa yeye yuko, hatatoka tena.

Mwamvita aliondoa mkono getini.

"Mwenzangu," aliita. Sauti ilimtoka ndogo, akaikaza. "Mwenzangu, mweke mtoto chini. Tunaondoka. Nafasi yako nimeshailipia."

Maji yakanyamaza. Wimbo ukanyamaza. Aligeuka kabla geti halijafunguka, kama Floribert alivyomwashiria, akaingia kiti cha nyuma, akajisogeza hadi mwisho kumpisha mtu. Alisikia nyayo zilizolowa zikivuka njia. Harufu ya chuma cha moto ikaingia kwanza, kisha kiti kikabonyea, springi zikalia. Bega baridi lilimgusa begani. Floribert, jasho likimtoka, aliwasha gari bila kutazama kioo.

Ndipo geti likafunguliwa kwa nguvu, na Tausi akatoka mbio, miguu mitupu, akiwa amemkumbatia mtoto kwenye taulo, nywele za kichanga zikiwa bado na povu. Mzima. Mwamvita alimwona kwa pembe ya jicho, kitu chekundu kidogo kinachopiga mateke, na moyo wake ukamshukuru Mungu na kumlaumu kwa wakati mmoja.

"Endesha, baba," alisema.

Gari lilianza kusogea. Tausi alikimbilia nyuma yake, akatazama ndani kupitia kioo, akasimama ghafla katikati ya matope. Hakujua amwite yupi, akaita hivyo hivyo.

"Mama."

Wote wawili wakageuka.