Aliikataa Lenzi ya Themanini na Tano

"Tuchukue hii ya milimita themanini na tano," Hadjara alisema, akaisogeza lenzi juu ya meza ya kioo. "Uso wa mutu unabaki na umbo lake, na nyuma kunayeyuka kabisa. Kwa picha za sura hakuna nyingine."

Anwari hakuigusa.

"Tununue ya hamsini."

Walikuwa dukani kwa Papa Josias, Mkongo wa mji wa Baraka aliyeuza kamera za mtumba karibu na soko la Rumonge, kusini mwa Burundi. Wote wawili walikuwa wapiga picha. Walifahamiana kwenye harusi moja huko Nyanza-Lac, kila mmoja akiwa ameitwa na upande wake, na sasa zilibaki wiki sita wafunge ndoa yao wenyewe na kufungua studio. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo walikubaliana tangu mwanzo: lenzi isiyo na zumu ya kuvuta picha karibu, yenye mdomo mpana, inayoridhika na mwanga kidogo wa dirishani. Papa Josias alikuwa nazo mbili za namna hiyo. Kilichobaki kilikuwa kuchagua.

Akawaambia wajaribu kwanza. Mkewe, Mama Marguerite, akasimama mlangoni na kitenge chake kipya. Hadjara akapiga kwa ile ya themanini na tano, na picha ikatoka safi hata kope zingehesabika, huku madumu ya mawese yaliyopangwa ng'ambo ya barabara yakigeuka madoa laini ya rangi. Akampa Anwari kamera.

Anwari alibana viwiko mbavuni, akazuia pumzi, akabonyeza. Akatazama kioo cha kamera. Uso wa Mama Marguerite ulikuwa umecheza, kama umepigwa ndani ya gari linalokimbia. Akaifuta haraka.

"Mbona unafuta?"

"Alifumba macho."

"Hakufumba. Nilikuwa namutazama."

Anwari akasema chumba chao cha studio ni kidogo, lenzi ile itawalazimisha kusimama mbali. Hadjara akamkumbusha kuwa walikipima pamoja, kina mita sita, na nafasi inatosha.

"Nimesema ya hamsini, Hadjara. Basi."

Papa Josias akajifanya anatafuta boksi chini ya meza. Hadjara hakuwahi kuisikia sauti ile. Walitoka na lenzi ya hamsini.

Kile ambacho Anwari hakuweza kusema kilikuwa kwenye mkono wake wa kulia. Ulianza kutetemeka wakati wa Ramadhani. Mwanzo alidhani ni njaa ya mfungo, lakini Idi ikapita na mkono haukutulia. Aliacha kufunga vifungo mbele ya watu. Alijifunza kuegemea ukuta kabla ya kupiga picha. Na alijua vizuri, kama fundi yeyote anavyojua, kwamba lenzi ndefu hukuza kila kitu, mtikisiko nao. Ile ya hamsini ingemsitiri. Ile nyingine ingemuumbua mbele ya kila mteja.

Tena alijua mwisho wa jambo lile. Baba yake, mzee Bakari, alikuwa fundi cherehani hapo Rumonge, na mikono yake ilianza hivyohivyo. Ikafika siku akashindwa kutia uzi kwenye sindano, kisha akashindwa kupeleka kijiko mdomoni. Mama yake Anwari alivumilia mwaka mmoja. Asubuhi moja alifunga nguo zake kwenye begi la bluu, akavuka kwenda Uvira, Kongo, na hakurudi. Anwari, akiwa na miaka kumi na mitano, ndiye aliyemlisha baba mpaka siku ya kumzika. Hadjara alikuwa mtu wa Nyanza-Lac, amekulia Tanzania na kurudi na wazazi wake. Aliambiwa tu kwamba mzee alikufa kwa maradhi.

Siku mbili baada ya kununua lenzi walikuwa wanapaka rangi studio. Simu ya Anwari, iliyokuwa dirishani, ikawaka. Hadjara alikuwa karibu, akasoma bila kukusudia:

"Iko kesho saa nne. Njoo peke yako kama ulivyoomba. Evangelina."

Akaweka brashi chini.

"Evangelina ni nani?"

Hapo Anwari angeweza kusema. Neno moja tu, daktari, na mengine yangefuata. Lakini alipomtazama Hadjara aliona begi la bluu. Alimwona akimlisha mwaka mmoja, akichoka, akivuka. Alipofungua mdomo ulitoka uongo.

"Ni mwanamuke. Nilitaka kukuambia."

Hadjara akafunika kopo la rangi.

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

Hakulia. Aliosha rangi mikononi taratibu mpaka kwenye viwiko, akachukua mkoba wake na kamera yake, akaenda kutafuta gari la Nyanza-Lac. Anwari akabaki na ukuta uliopakwa nusu, akijiambia kwamba ni heri achukiwe sasa kuliko kuachwa baadaye akiwa hawezi hata kujifuta mdomo. Kujiambia hivyo hakukumsaidia. Usingizi ulimkataa, na kila simu ilipolia aliruka.

Kesho yake alikwenda kwa Dokta Evangelina, aliyekuwa akija Rumonge mara moja kwa mwezi. Siku ya tatu ikaingia meseji ya Hadjara, kavu kabisa: wenye harusi waliyoipiga huko Magara wanadai picha zao, amtumie zote, kazi ni kazi. Akazituma. Hakujibiwa.

Siku ya tano, asubuhi, Hadjara alisimama mlangoni kwake.

"Amahoro," alisalimu kwa Kirundi, akapita ndani bila kungoja. Akawasha jiko, akapika chai. Akamimina kikombe kimoja, akakijaza mpaka ukingoni, akakiweka mbele ya Anwari.

"Kunywa."

Anwari akakitazama kikombe. Mkono wake ulikuwa chini ya meza, umebanwa katikati ya magoti. Mvuke ukapanda, ukapungua, ukaisha.

"Kunywa, Anwari."

"Siwezi."

"Najua." Sauti yake ikapasuka kidogo. "Nimeangalia picha zote za Magara, na zetu zote za tangu Ramadhani. Ulipoegemea ukuta ni safi. Uliposimama huru zimecheza, zote, namna moja. Ndipo nikajua kwa nini uliikataa ile lenzi. Evangelina ni nani?"

"Ni daktari."

Kisha akamweleza yote: mzee Bakari, kijiko, begi la bluu. Alieleza akitazama meza, kwa maana aliogopa kuuona uso wa Hadjara. Dokta Evangelina, alisema, alimchoresha duara kwenye karatasi, akamtembeza, akamwambia bado ni mapema. Kuna kutetemeka kunakomwacha mtu aishi na kazi yake miaka mingi, na kuna kule kulikomshika baba yake. Arudi baada ya miezi mitatu.

"Na kama ni kule kwa baba?" Hadjara aliuliza.

"Ndiyo maana nilikuachia njia."

"Hukuniachia njia. Ulinifukuza." Sasa machozi yalikuwa yanashuka. "Siku nne sikula. Nilijiangalia kwenye kioo nikitafuta kasoro yangu. Ugonjwa naogopa, sitakudanganya, naogopa sana. Lakini ule uongo ndio ulitaka kuniua."

Anwari akaomba msamaha. Hadjara hakumpa siku ile. Alisema kama bado anaitaka ndoa, aende Nyanza-Lac, ayaseme hayo mwenyewe mbele ya watu wake. Kisha aliondoka.

Anwari alikwenda siku ya Jumapili. Mama Asma, mama yake Hadjara, na mjomba Djibril walimsikiliza mpaka mwisho. Mjomba akashauri ndoa isimame hadi majibu ya daktari yatoke. Mama Asma akamgeukia binti yake, akamuuliza anasemaje.

"Majibu nitayapokea nikiwa nyumbani kwake," Hadjara alisema. "Ila akinidanganya tena, mama, nitarudi hapa siku hiyohiyo."

Siku ya ndoa ya serikali walisimama kwenye ofisi ya komini, serikali ya mtaa, ya Rumonge, baada ya kufungishwa ya dini asubuhi. Ukumbi ulijaa watu wa Rumonge na wa Nyanza-Lac. Ofisa akawaambia washike bendera ya taifa kwa mkono wa kushoto, wainue wa kulia, waape. Anwari alikuwa ameiogopa dakika hiyo kwa wiki nzima. Huko juu hakukuwa na ukuta wa kuegemea wala mfuko wa kuuficha mkono.

Akainua mkono. Ukatetemeka mbele ya macho ya wote. Wazee waliomfahamu mzee Bakari wakatazamana, na minong'ono ikapita viti vya nyuma. Ofisa akasita, akamuuliza kwa upole kama angependa kuushusha kwanza.

Anwari akamtazama Hadjara. Alikuwa ameogopa pia, lakini hakuwa amesogea.

"Hapana, murakoze," Anwari akamshukuru. "Mkono wangu uko hivi."

Akaapa neno kwa neno mpaka mwisho, mkono ukiwa juu.