Maua ya Siku Moja Kwenye Lango la Zahanati

Kila asubuhi kabla ya shule, Chapuchapu alifagia vipande vya nguo chini ya cherehani ya shangazi yake, akachota maji, kisha akapita kwenye lango la zahanati kuondoa maua yaliyonyauka. Jina hilo la utani alipewa na shangazi mwenyewe. Msichana huyu alikula huku anatembea na alifunga viatu huku anakimbia. Akiosha sahani, upande wa nyuma haukupata hata habari ya sabuni.

Maua ya pale langoni yalikuwa ya rangi ya chungwa, yenye majani marefu membamba. Watu wa mtaa waliyaita maua ya siku moja, kwa sababu kila ua hufunguka asubuhi na jioni limekwisha. Lakini mmea wenyewe hauishi siku moja. Bua moja hubeba vitumba vingi: ua hili likinyauka leo, kitumba kingine hufunguka kesho. Msimu ukiisha, mizizi hubaki ardhini na mwaka unaofuata mmea huchanua tena bila kupandwa upya. Jua kali unalivumilia, na mvua ikichelewa haulalamiki.

Shangazi ndiye aliyeyapanda, na alikuwa na sababu. Manispaa ilitaka kukimwagia lami kipande kile cha ardhi kiwe maegesho ya magari. Magari ya nani? Wagonjwa wa mtaa ule walikuja kwa miguu, na wengine waliletwa mgongoni. Wao walihitaji mahali pa kukaa wakingoja zamu, na mbele ya maua yale waliweka mabenchi. Ofisa wa manispaa alipokuja kupima, alisema mbele ya watu wote, "Ardhi hii haina mtunzaji. Nikirudi nikaikuta inatunzwa, nitaiacha."

Shangazi aliyashika maneno hayo. Hakuwa mtu wa kusahau.

"Uwanja wa mpira waliuchukua hivyo hivyo," alimwambia Chapuchapu huku akitunga uzi kwenye sindano. "Walisema nyasi zimekauka, kwa hiyo hauna wenyewe. Leo pale pana ghala la vigae, na nyinyi mnacheza barabarani. Hawa hawaji usiku kama wezi. Wanakuja mchana kweupe na futi mkononi. Ijumaa yule ofisa anarudi, na safari hii asipate la kusema."

Jumatano Chapuchapu alichelewa kuamka. Alipofika langoni alikuta maua mengi yamenyauka. Kuyachuma moja moja, bila kugusa vitumba, ilikuwa kazi ya subira, naye subira hakuwa nayo. Mfukoni alikuwa na mkasi wa shangazi. Akaanza kukata mabua kuanzia chini, kwap, kwap, kwap, akayatupa kwenye shimo la taka na kukimbilia shule. Aliwaza kwamba mengine yangeota usiku, kama nyasi.

Asubuhi iliyofuata hapakuwa na ua hata moja. Yalibaki majani matupu.

"Nani amefanya hivi?" shangazi aliuliza, mikono kiunoni.

Chapuchapu alijibu haraka. "Labda akina Golikipa, shangazi. Niliwaona na mpira hapa."

Golikipa alikuwa mtoto wa jirani, na kwa bahati mbaya mwezi uliopita alikuwa amevunja dirisha la zahanati. Alikana, lakini nani angemsikiliza? Shangazi alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, na maneno makali yakarushwa juu ya ukuta.

"Kama mwanangu ni mharibifu," mama Golikipa alisema, "basi na maji ya bomba langu msiyaguse. Mwagilieni bustani yenu kwa mate."

Ijumaa alasiri ofisa alifika, futi mkononi. Watu walikuwa wamekusanyika. Shangazi na mama Golikipa walisimama kila mmoja upande wake, wamegeuziana visogo.

"Hayo maua niliyosikia habari zake yako wapi?" ofisa aliuliza.

"Watoto wa mpira wameyaharibu," mtu mmoja alisema.

Ofisa alitabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi. "Ndicho ninachosema siku zote. Mkiachiwa bustani, mnaiharibu wenyewe. Heri lami, haiharibiki kwa mpira." Akamgeukia Golikipa. "Ni wewe, siyo?"

Golikipa aliinamisha kichwa. Machozi yalikuwa karibu.

Chapuchapu aliitazama futi ikifunguliwa. Uongo wake, alioutoa ili asigombezwe, sasa ulikuwa unafanya kazi mikononi mwa mtu mwingine. Ulikuwa unaing'oa bustani.

"Siyo yeye," alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akarudia kwa nguvu. "Siyo yeye. Ni mimi."

"Wewe ni nani?"

"Chapuchapu."

Watu walicheka, naye akaendelea kabla ujasiri haujamwisha. "Nilichelewa shule. Nikayakata mabua yote pamoja na vitumba, kwa mkasi wa shangazi. Halafu nikamsingizia mwenzangu. Hakuna aliyeharibu kwa makusudi."

"Mkasi wangu wa vitambaa?" shangazi aliuliza. "Kumbe ndiyo maana jana ulikuwa butu, ukaitafuna nguo ya bibi harusi."

Vicheko viliongezeka, hata mama Golikipa aliziba mdomo kwa kanga. Chapuchapu alipiga magoti na kuyatenga majani. "Lakini hayajafa, tazama. Hapa kuna machipukizi. Na hili ni bua jipya, lina vitumba."

Ofisa aliinama. Alitazama udongo uliopaliliwa, ukiwa bado na unyevu, na mawe yaliyopangwa pembeni.

"Kwa hiyo panatunzwa," alisema polepole.

"Wewe mwenyewe ulisema ukikuta panatunzwa utapaacha," shangazi alimjibu. "Watu wote hawa walikusikia."

Ofisa aliwatazama watu, kisha akaikunja futi yake. "Basi. Lami itatafutiwa mahali pengine."

"Na huko pengine tutakuja kupaangalia," shangazi alisema, na hakuwa anatania.

Jumamosi Chapuchapu alikwenda kumwomba radhi Golikipa.

"Nimekusamehe," Golikipa alisema. "Ila wiki nzima ijayo golini utakaa wewe. Nimechoka kurushiwa mipira, nataka na mimi nifunge."

Siku hiyo hiyo walipewa kazi pamoja. Kichaka kimoja kilikuwa kimesongamana mno. Wakaking'oa kwa jembe uma, wakakipasua vipande, kila kipande na mizizi yake na majani yake, wakapanda penye jua. Shangazi aliwaonya wasikizike kitako cha mmea, pale majani yanapoanzia, chini sana, maana kikizama mmea hauchanui. Mama Golikipa alileta maji bila kuombwa.

Chapuchapu alikuwa akiushindilia udongo polepole, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Shangazi akachuchumaa kando yake.

"Unajua kilichoniuma, mwanangu? Siyo maua. Maua yangerudi. Mkubwa akisema uongo, ana cheo cha kumfunika. Sisi hatuna cheo. Tuna kuaminiana tu, na ulipomsingizia Golikipa ulituvunja vipande viwili, tukawa rahisi kuokotwa. Uliposema kweli, ulituunganisha. Kazi ikikushinda, sema imenishinda. Ukikosea, sema nimekosea. Utagombezwa kidogo, kisha utasaidiwa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

"Vizuri. Sasa nyanyuka ukamwagilie vile vipande vya mwisho, na usiruke hata kimoja."